SOMO LA FAMILIA: Vijana Wanaopendana Penye Ugonjwa na Msiba

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 29:1-20, Mwanzo 35:16-20, Mwanzo 48:7, Ayubu 2:11-13, Yohana 11:32-36.

Shabaha ya somo: Kuwasaidia wazazi na vijana wajue jinsi ya kutembea pamoja pale upendo wa ujana unapokutana na ugonjwa mzito, na jinsi ya kumsaidia kijana anayebaki.



Katika masomo ya familia tumezoea kufundisha juu ya uchumba, na siku nyingine tunafundisha juu ya msiba. Ni mara chache tunayaweka mambo hayo mawili pamoja. Lakini hapa makazini yanakutana. Wapo vijana wa miaka 16, 17 na 18 waliopendana polepole, kwa heshima, na mmoja wao anaishi na ugonjwa usiopona. Wazazi wengine wanacheka na kusema hayo ni mambo ya watoto. Wengine wanamfukuza kijana kwa fimbo. Na yule mgonjwa akifariki, aliyebaki hana mahali pa kulilia, kwa maana si ndugu, si mchumba wa halali, si mtu wa nyumba ile. Tumeona ni vema tulizungumze jambo hili wazi.

1. YAKOBO NA RAHELI

Yakobo alifika Harani akiwa mkimbizi. Alimkimbia kaka yake Esau, akavuka Yordani akiwa na fimbo tu mkononi (Mwanzo 32:10). Hakuwa na mali ya kutoa mahari. Alimkuta Raheli kisimani, penye maji ya kunyweshea mifugo, mahali ambapo hata leo vijana wetu wanafahamiana wakisubiri zamu ya jerikani. Akakubali kumtumikia Labani miaka saba kwa ajili yake. Maandiko yanashuhudia kwamba muda ule mrefu haukumlemea, kwa sababu alimpenda.

Tujifunze neno la kwanza hapa: upendo wa kweli unaweza kungoja. Haukimbilii gizani. Unapimwa kwa kazi, kwa uvumilivu na kwa siku nyingi.

Lakini habari haikuishia kwenye arusi. Miaka ilipita, na Raheli alifariki akiwa safarini, akijifungua Benyamini, kabla ya kufika Efrata. Akazikwa kando ya njia. Wengi wetu tunajua maana yake kumzika mtu kando ya njia na kuendelea na safari. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi lile. Kisha tazameni Mwanzo 48:7. Sasa Yakobo ni mzee, yuko Misri, nchi ya ugenini, anawabariki wana wa Yusufu. Katikati ya maneno ya baraka anamkumbuka tena Raheli na mahali alipomzika. Miaka mingi imepita na bado jambo lile limo moyoni mwake.

Hilo ndilo neno la pili: huzuni ya mtu aliyempenda mwenzake haina tarehe ya kuisha, wala si dhambi kukumbuka.

2. UGONJWA TUNAOUZUNGUMZIA

Magonjwa ni mengi, lakini mmoja unawagusa sana vijana wetu. Sisi tuliotoka Kongo tunauita SS. Watanzania wanauita selimundu, na hapa Uganda watu wengi wanasema sikoseli. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulipima damu ya watoto zaidi ya 97,000, ukakuta kwamba watoto kama 13 katika kila 100 wanabeba alama ya ugonjwa huu, ingawa wengi wao si wagonjwa. Si jambo la nyumba moja au kabila moja.

Kila mtu hupokea alama mbili za damu, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye A moja na S moja ni AS. Huyu kwa kawaida ni mzima na huenda asijue kwamba anabeba S. Mwenye S mbili ni SS, na huyu ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Kutokana na hapo yanakuja maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na macho ya manjano.

Hauambukizwi kwa kula pamoja, kwa kukumbatiana wala kwa kulala kitanda kimoja. Si uchawi wa shangazi, wala si adhabu kwa dhambi ya mama. Wazazi wote wawili wanachangia sawasawa.

Kuna jambo ambalo wazazi hawaliangalii. Kijana wa SS mara nyingi anachelewa kukua. Binti wa miaka 17 anaweza kuonekana kama wa 13. Mvulana anachelewa kuota ndevu na sauti kubadilika. Wenzake wanamcheka kwa ajili ya macho yake, na anapokosa shule majuma mawili wanasema ni mvivu. Kijana wa namna hii anapopata mtu anayemtazama bila kumhurumia na bila kumcheka, moyo wake unafunguka sana. Tusishangae. Naye anahitaji kupendwa kama wenzake.

Tuache pia kusema mbele yake kwamba hatafika miaka 20. Wenye SS wengi wanaopata matunzo wanafika utu uzima, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea, inayotumiwa kila siku kwa uangalizi wa daktari. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa dawa hiyo uliofanywa Kongo, Uganda, Kenya na Angola kwa watoto zaidi ya 600: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua.

3. MFANO

Tutoe mfano. Tumeutunga kutokana na mambo ya familia nyingi, msimtafute mtu ndani yake.

Kijana mmoja na binti mmoja waliimba kwaya moja. Kijana aliona kwamba binti anavaa sweta hata jua likiwaka, na kwamba akitoka kisimani anapumzika mara tatu njiani. Hakusema kitu. Alianza kumbebea jerikani mpaka kwenye kona ya nyumba yao, akimwachia mita chache za mwisho ili mama asiulize maswali. Binti alipokosa shule, alimpelekea daftari ili anakili masomo. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Siku moja binti akamwambia, "Kaka, unajua kwamba mimi ni SS?"

Akajibu, "Ninajua. Mama yangu alinieleza."

"Na bado unakuja?"

"Daftari la hesabu bado hujamaliza kunakili."

Hawakusemezana zaidi siku ile. Mwaka wa pili ulipita. Kijana alijifunza kumkumbusha kunywa maji, na kumwambia asirudi nyumbani na nguo zilizolowa mvua. Waliafikiana wamalize shule kwanza, kisha waseme na wazazi.

Majira ya mvua binti alishikwa na malaria, kisha kifua kikambana. Siku ya tatu alifariki. Kijana alifika matangani akakaa nje na vijana wengine, mbali na moto. Hakuna aliyempa pole. Usiku wa pili mama wa marehemu alimwona ameshika daftari. Akamwita, "Mwanangu, njoo ukae huku kwetu." Akamketisha karibu na wajomba. Hapo ndipo kijana alipolia kwa mara ya kwanza.

Mama yule hakuhubiri. Alimpa tu mahali pa kukaa, na hilo ndilo tunalotaka kila nyumba ijifunze.

4. KWELI ISEMWE KABLA YA POSA

Wazazi, msingoje siku ya mahari ndipo muulize habari za damu. Siku hiyo mioyo imekwisha kufungana, na kuachana kunakuwa kama msiba. Vijana na wapimwe mapema, hata kabla hawajampata wa kumpenda, ili kila mtu ajue alama yake.

Angalieni hesabu hii:

- AA na AA: watoto wote ni AA.
- AA na AS: hakuna mtoto mgonjwa; baadhi watabeba S.
- AS na AS: katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS.
- SS na AS: katika kila mimba, nafasi moja kati ya mbili ya mtoto wa SS.
- SS na AA: watoto wote ni AS, hakuna mgonjwa hata mmoja.
- SS na SS: watoto wote ni SS.

Tunasema "katika kila mimba" kwa sababu wengine hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Hesabu inaanza upya kila mara.

Tazameni pia mstari wa tano. Wazazi wengi wanamkataa binti wa SS wakisema ataleta wagonjwa ukooni. Ikiwa mume ni AA, haitakuwa hivyo. Ila binti mwenyewe ajue kwamba mimba kwake ina hatari, na inahitaji kufuatwa hospitalini tangu mwanzo.

Mkienda kupima, ulizeni kipimo ni cha namna gani. Vipimo vingine vya haraka vinaonyesha tu kwamba S ipo, bila kutofautisha AS na SS. Ombeni kipimo kamili cha hemoglobini.

Na vijana wawili wakikutwa wote ni AS? Tusiwafungie mlango kwa hasira, wala tusiwadanganye kwamba imani itabadili hesabu. Waelezwe kweli yote, wapewe muda, waombewe, na wazee wakae nao. Uamuzi ni wao, kwa maana ndio watakaobeba matunda yake.

5. KUMTUNZA MGONJWA NI KAZI YA WOTE

Anayempenda mwenye SS amsaidie katika mambo haya: anywe maji mengi; asikae kwenye baridi wala asioge maji ya baridi sana; alale ndani ya chandarua; asibebe mizigo kupita nguvu zake; asiache vidonge vya foliki na dawa nyingine alizoandikiwa. Akiwa na homa, au maumivu ya kifua, au pumzi fupi, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msingoje ibada iishe, wala msingoje asubuhi. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

6. KIJANA ALIYEBAKI

Wakubwa wanafikiri huzuni ya kijana ni nyepesi. Lakini kijana wetu amepoteza mengi kabla ya hapo: nyumba, shule, pengine baba au dada vitani. Kifo kipya kinafungua vidonda vya zamani.

Tuyaache maneno haya: "Utapata mwingine." "Mwanaume halii." "Afadhali hamkuoana." "Mungu alimpenda kuliko wewe." Hata kama msemaji ana nia njema, maneno hayo yanachoma. Yesu mwenyewe alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia pamoja na dada zake. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu.

Tufanye haya:

Kwanza, apewe kazi katika msiba. Achote maji, asaidie kuchimba kaburi, abebe msalaba, aimbe na kwaya. Mwenye kazi ana haki ya kuwapo.

Pili, jina la marehemu litajwe mbele yake. Msilifiche kana kwamba ni aibu.

Tatu, apewe mtu mmoja wa kumfuata: mjomba, mzee wa kanisa, kiongozi wa vijana. Amtembelee si juma la kwanza tu, bali mwezi wa tatu, na siku ya mwaka inapotimia.

Nne, aangaliwe. Akiacha kula, akianza waragi, akiacha shule au akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili kituoni, na mtu wa nyumbani aende naye. Huo si upungufu wa imani.

Tano, asiharakishwe. Siku akimpenda mwingine, asionekane msaliti. Na asipompenda mtu kwa muda mrefu, asionekane mgonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Yakobo alikuwa mkimbizi asiye na mali. Alionyeshaje upendo wake kwa Raheli? Kijana wa leo makazini anaweza kuonyeshaje?
2. Kwa nini Yakobo mzee alimtaja tena Raheli alipokuwa akiwabariki wajukuu wake?
3. Je, katika nyumba yetu kuna anayejua alama yake ya damu? Kama hakuna, nani ataanza?
4. Katika misiba tuliyohudhuria mwaka huu, yupo kijana aliyekaa nje, mbali na moto, ambaye hatukumwita?

KAZI YA JUMA HILI

Kila familia iende kwa jirani mmoja mwenye mgonjwa wa SS au aliyefiwa na kijana. Msiende mikono mitupu. Hata jerikani moja ya maji inatosha. Mkifika, ulizeni jina na mwache waseme.

Tuwaombee wagonjwa wetu, wapenzi wao na mama zao. Bwana awatie nguvu.