Kilemba Kimoja, Vichwa Vitatu
Darasa juu ya ugomvi wa ukubwa katika kabila la Wabugti

Sifa njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, enyi ndugu, ya kwamba ugomvi katika majumba makubwa huwa wa namna mbili: ugomvi wa mali na ugomvi wa ukubwa. Ule wa kwanza Sheria imeukata kwa hisabu; kila mrithi ajua nusu yake au sudusi yake. Ama wa pili hauna hisabu, kwani kilemba hakikatwi vipande wakagawiwa wana. Darasa hii yaeleza mfano mmoja wa ugomvi huo wa pili, ili mwenye akili azingatie.

YA KWANZA: KABILA NA KILEMBA CHAKE

Wabulushi si wageni katika pwani hii. Wazee wao walikuja katika askari wa Sayyid Said bin Sultan, wakakaa Mombasa na Unguja, na wajukuu wao wamo mitaani hata leo. Lakini wengi wa hao asili yao ni Makran, upande wa bahari. Wabugti ni Wabulushi wa milimani, mashariki ya Balochistan katika nchi ya Pakistan, na mji wao ni Dera Bugti.

Kabila kwao huitwa tuman, na mkubwa wake tumandar. Ndani yake zimo koo, kama Raheja, Masori, Kalpar, Nothani, Mondrani na Shambani, na kila ukoo una mzee wake, aitwaye wadera. Mkubwa wa kabila hutoka katika Raheja. Kazi yake ni kukata kesi za damu na za ardhi katika baraza liitwalo jirga, kuwaongoza watu wakati wa vita, na kuwasemea mbele ya serikali. Akifa, wazee hukusanyika wakamvika kilemba yule wa baada yake. Kwa ada huyo ni mwana mkubwa. Lakini kilemba hufungwa kwa mikono ya wazee. Hapo ndipo penye siri ya jambo: nasaba humfikisha mtu mlangoni, na ridhaa ya wazee ndiyo imtiayo ndani.

YA PILI: MAMBO MAWILI YALIYOINGIA

Jambo la kwanza ni mkono wa serikali. Robert Sandeman, Mwingereza, alifanya mapatano na Wamarri na Wabugti mwaka 1867, na baadaye Waingereza wakaitawala Balochistan kwa kupitia wakubwa wa makabila, wakiwatambua na kuwapa posho. Tangu hapo mwenye kutaka ukubwa alitazama pande mbili: kwa wazee na kwa serikali.

Jambo la pili ni mali. Mwaka 1952 gesi ilionekana Sui, katika ardhi ya Wabugti. Kodi za ardhi na kazi za ulinzi zikafuata, na ukubwa uliokuwa mzigo wa kukata kesi ukawa pia mlango wa riziki. Na kilemba chenye riziki ndani yake huwa na wenye kukitaka wengi. Mwaka 1976 serikali ya Pakistan ilitoa sheria ya kuuondoa ukubwa huu. Sheria ikaandikwa, na ukubwa ukabaki.

YA TATU: KUFA KWA NAWAB AKBAR

Nawab Akbar Bugti alikuwa mkubwa wa kabila kwa miaka mingi, akawa gavana wa Balochistan mwaka 1973 na waziri wake mkuu mwaka 1989. Mwanawe Salal aliuawa Quetta mwaka 1992, katika uadui wa damu baina ya nyumba ya mkubwa na ukoo wa Kalpar. Wana wengine wawili, Salim na Rehan, walitangulia mbele ya haki wakiacha watoto.

Mwaka 2005 vita vilizuka baina ya watu wake na jeshi la serikali, na raia kwa maelfu wakahama majumba yao. Nawab akaingia milimani, hali umri wake wakaribia miaka 80. Mwezi wa Agosti 2006, naye angali huko, baraza la wapinzani wake lilikutana Dera Bugti likatangaza kuwa ukubwa wa kurithi umekwisha. Tarehe 26 ya mwezi huo huo akauawa katika wilaya ya Kohlu. Akazikwa Dera Bugti tarehe 1 Septemba, jeneza limefungwa kwa kufuli, na wanawe hawapo.

Zingatia, msomaji: mkubwa amezikwa pasina wanawe, na wazee wametawanyika. Hapakuwa na kikao kimoja cha kufungia kilemba. Ndipo wakatokea watatu.

Talal alikuwa mwana aliye hai, akasema kuwa mwana ni karibu kuliko mjukuu. Mir Aali alikuwa mjukuu, mwana wa Salim, na Salim ndiye aliyekuwa mkubwa wa wana. Hoja yake ni kuwa haki ya baba yake imemshukia yeye. Brahamdagh alikuwa mjukuu pia, mwana wa Rehan. Yeye alikuwa pamoja na babu yake katika siku za vita, na wafuasi wake walisema kuwa mzee alimwandaa kushika nafasi yake. Aali akavishwa kilemba na wazee wa upande wake, na serikali ikaelekea kwake. Brahamdagh akavuka kwenda Afghanistan, na mwaka 2010 akafika Uswisi. Talal akaendelea kudai mpaka akafa mwaka 2015. Hata chama cha siasa alichokiasisi mzee kikagawanyika kwa mgawanyiko huo huo.

YA NNE: MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Je, mwana aliye hai si ndiye amzuiaye mjukuu?

Jawabu: Ndivyo, katika mirathi ya mali. Mwana wa kiume humzuia mjukuu, hata kama baba wa mjukuu huyo alizaliwa mbele. Kwa kanuni hii Talal angewatangulia wote wawili. Lakini ukubwa si mali ya maiti hata uingie katika mafungu. Ni amana ya watu, na mwenye amana akifa, amana hurudi kwa wenyewe.

Suala: Je, tawi la mwana mkubwa halina haki?

Jawabu: Hiyo ni ada, na ada ina nafasi yake maadamu haipingi Sheria. Lakini nguvu ya ada ni kukubaliwa na wenye ada. Wakihitilafiana wenyewe, ada haiwezi kuwa hakimu.

Suala: Na yule aliyependwa na marehemu?

Jawabu: Sayyidna Abubakar alimuusia Sayyidna Umar, lakini usia ule ulidhihirishwa kwa watu nao wakauridhia. Kupendwa si kuusiwa, na kuusiwa faraghani si kama kuusiwa mbele ya mashahidi.

Suala: Na yule aliyetambuliwa na serikali?

Jawabu: Kutambuliwa humpa mtu nguvu, wala hakumpi mapenzi. Kilemba kilichofungwa na mkono wa nje chakaribia kuwa kilemba cha ukoka. Vivyo hivyo, aliye mbali ng'ambo ya bahari, hata akipendwa vipi, hawezi kukata kesi ya malisho jioni ilipotokea.

Na mfano ulio bora ni wa Sayyidna Umar. Alipojeruhiwa mwaka 23 wa Hijra, aliliacha jambo kwa watu sita washauriane, akamweka mwanawe Abdullah ahudhurie shauri bila ya kuwa na fungu katika ukubwa. Alizuia ugomvi wa nyumba yake kabla haujazaliwa. Imamu Al-Mawardi, katika wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, aliyekufa mwaka 450 wa Hijra, ameeleza kuwa maimamu wawili wakibaiwa, aliyetangulia ndiye. Na asipojulikana aliyetangulia, baia zote mbili hubatilika, wenye kuchagua wakaanza upya. Hukumu hiyo ni ya uimamu, lakini hekima yake yawafaa hata wazee wa kabila: heri kurudi kikaoni kuliko kuishi na vilemba viwili.

YA TANO: FAIDA

Mwenye kudhurika kwa vilemba vingi si mwenye kilemba. Ni mtu aliyeuliwa nduguye akapatanishwa na mkubwa mmoja, kisha adui yake akasema: Huyo si mkubwa wangu. Hapo dia hulipwa na damu ikarudi kumwagika. Wala Wabugti si peke yao. Mwaka 2014, alipokufa Nawab Khair Bakhsh wa jirani zao Wamarri, wako waliomfuata mwanawe Changez, na wako waliomtaja mdogo wake Mehran.

Basi mwenye ukubwa wowote, uwe wa kabila, wa msikiti au wa chuo, naamshauri mtu wa baada yake angali hai, mbele ya mashahidi, na wenye jambo waridhie. Atakayeliacha jambo hilo kwa haya au kwa tamaa, amewaachia wanawe moto na kuuita urithi.

Wallahu aalam.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini mirathi ya mali haitoshi kukata ugomvi wa ukubwa?
2. Taja hoja ya kila mmoja katika wale watatu, na upungufu wake.
3. Sayyidna Umar alimpa mwanawe kazi gani katika shauri, na alimnyima nini?