Pikipiki ya koperative: kuitengeneza ao kuibadilisha?



Katika koperative nyingi za Masisi na Walikale, ukitoa depo, kitu cha bei kuliko vyote ni pikipiki. Inashusha viazi ndani ya Masisi, inatoa mawese na mihogo ndani ya pori la Walikale. Sisi ni waagronome, hatukusomea kazi ya garaji. Lakini kiazi kikilala siku kadhaa kando ya njia kwenye mwanga kinageuka kijani, na mnunuzi anakikataa. Pikipiki iliyokufa ni shida ya shamba pia.

Katika mikutano tunasikia: "Mwaka huu tulishaitengeneza mara tatu, hatuwezi kuiuza sasa." Wengine wanasema: "Imekula feza nyingi, iende." Wote wanahesabu feza iliyokwisha kutoka, na ile hairudi, mukitengeneza wala mukiuza. Swali ni hili: kuanzia leo, njia gani itakula feza kidogo kila mwezi?

Musitegemee sana namba ya kilometa. Kwa njia zetu kamba ya konteri inakatika mapema, na namba inasimama palepale miaka. Kaye ya esansi inasema kweli zaidi. Kama safari ileile na mzigo uleule vilikula litre 4, na sasa vinakula 5, kuna kitu.

Muangalie moshi. Moshi mweusi ni esansi nyingi kuliko hewa: filtre imejaa vumbi, ao kabirateri haiko sawa. Hiyo ni kazi ya feza ndogo, musiuze pikipiki juu yake. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanaungua ndani. Hapo, moteri ikiwa imezimwa na imepoa, mukanyage kiki pole pole, musikie kama inagoma. Kisha fundi atoe buji, amwage kijiko kimoja cha mafuta ya moteri ndani, arudishe buji, akanyage tena. Kiki ikikuwa ngumu kuliko mbele, segma na silinda vimelika. Ikibaki laini, shida inaweza kuwa kwenye supape.

Silinda inaweza kuchongwa na kuwekwa pistoni pana kidogo: 0,25 mm, kisha 0,50, na kwa moteri nyingi mwisho ni 1 mm. Kwa hiyo muulize ilishachongwa mara ngapi. Kama imefika mwisho, ni kununua silinda mpya, na bei inapanda.

Kadre ni jambo lingine kabisa. Ikiwa na ufa kwenye shingo, pale gidon inaposhikwa, hatupigi hesabu tena, hata kama fundi anasema atachomelea. Chini ya magunia mawili kwenye mteremko, huyo motari tunamchezea na maisha yake. Muuze moteri na vipande kwa mafundi. Musimpe mtu pikipiki nzima bila kumuambia.

Kama kadre ni nzima, tuingie kwenye hesabu. Huu ni mfano tu, bei muweke za kwenu. Pikipiki inafanya kazi siku sita kwa juma. Kutengeneza moteri ni dola 180, na fundi anafikiri itatembea miezi 18: dola 10 kwa mwezi. Leo wanaichukua kwa dola 350, kisha miezi 18 wataichukua kwa 150: dola 11 kila mwezi zinapotea. Vipande na mapine, 25. Tena inalala garaji siku mbili kwa mwezi, na siku hizo munalipa dola 10 kukodi ya mtu: 20. Jumla ni 66.

Mpya ni dola 1 250, na kisha miaka mitatu itauzwa 400: inapoteza kama 24 kwa mwezi. Vipande 15. Garaji nusu siku, 5. Jumla ni 44. Hapa kubadilisha kunashinda. Kati ya dola 22 za tofauti, 15 zinatoka kwenye siku za garaji, zile ambazo karibu hakuna gera anayeziandika!

Sasa pikipiki ileile, lakini inatoka siku ya soko tu. Moteri ikitengenezwa itafika miaka mitatu. Dola 180 pamoja na 200 za bei inayoshuka ni kama 11 kwa mwezi. Vipande 8. Garaji haiwaumizi, juu fundi anafanya kazi kati ya soko na soko. Jumla 19. Mpya, hata ikilala chini ya bati, bei yake inashuka: tuseme 18, na vipande 5. Ni 23. Hapa mutengeneze. Zile dola 900 ambazo mungeongeza juu ya 350 zitanunua maharagi ya wanachama wakati wa mavuno. Na kama munazikopa, faida ya mkopo iingie kwenye hesabu ya mpya.

Wakati gani wa kuamua? Masisi, mavuno ya saizoni A yanaanguka Desemba na Januari, ya B Juni na Julai. Mukae kikao mwezi wa 11 ao mwezi wa 5, mazao yangali shambani. Anayeuza pikipiki iliyokufa katikati ya mavuno anapokea bei yoyote. Walikale, ambako mvua haikati sana, mufuate kalendari ya mazao yenu wenyewe.

Mukinunua, karte roze iandikwe jina la koperative, si la prezida, na uamuzi uingie kwenye proseverbali. Kisha zile dola 24 za kila mwezi gera aziweke pembeni tangu mwezi wa kwanza. Kisha miezi 36 zitakuwa 864. Muongeze 400 za kuuza ile nzee, munafika 1 264, bila kukopa.