Unauza otomatiki ya stata mtandaoni? Jua kilicho ndani kabla hujatuma mzigo

Wauza spea wa mtandaoni, leo ni zamu yenu.

Mteja yuko Mbeya, wewe uko Kariakoo. Anakuandikia inboksi: "Boss, otomatiki ya stata ya Toyota unayo? Bei gani?" Unamtajia, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Keshokutwa anapiga simu: fundi kaifunga, gari bado linagonga "ta-ta-ta-ta", anataka hela yake. Nauli ya kwenda imeshaliwa, ya kurudi mnaanza kuvutana, na spea ikirudi imeshachubuliwa na spana huwezi tena kuiuza kama mpya. Na huenda kifaa kilikuwa kizima kabisa!

Sio lazima uwe fundi ili uepuke mgogoro huu. Ila inabidi ujue hiki unachokiuza kinafanyaje kazi.

Otomatiki (wengine wanaiita solenoidi) ni swichi. Stata ya gari dogo la petroli inavuta kama ampea 100 hadi 200, na lori la dizeli zaidi ya hapo. Umeme wote huo ukipita kwenye swichi ya ufunguo, itaungua. Kwa hiyo ufunguo unapeleka umeme kidogo tu kwenye otomatiki, nayo ndiyo inafungua njia ya umeme mkubwa. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba, na katikati ya koili kuna kipande cha chuma kinachoteleza, kama mchi ndani ya kinu. Koili ikipata umeme inageuka sumaku, inauvuta mchi. Mchi ukisogea unafanya mambo mawili kwa mpigo: unasukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya flaiwili, halafu unakikandamiza kisahani cha shaba kwenye vichwa vya bolti mbili nene. Hapo umeme mkubwa unapita na stata inazunguka. Ukiachia ufunguo, springi inaurudisha mchi.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Koili sio moja, ni mbili. Sumaku inavuta kidogo sana mchi ukiwa mbali, ila nguvu inapanda haraka mchi unapokaribia. Kwa hiyo kuanza kuvuta kunahitaji nguvu nyingi, kushikilia kunahitaji kidogo. Waliobuni wakaweka koili ya waya mnene ya kuvuta, na ya waya mwembamba ya kushika. Ile ya kuvuta inapata hasi yake kupitia mota ya stata. Kisahani kikishagusa bolti, ncha zake zote mbili zinakuwa na chanya, umeme ndani yake unakoma wenyewe, na betri inabaki kuihudumia mota. Inayoendelea na kazi ni ile ya kushika tu. Mimi naona ni ubunifu mzuri kuliko vitu vingi vinavyoitwa "smart" siku hizi.

Turudi kwenye biashara. Ukishaelewa hayo, sauti ya gari inakueleza mengi. Kabla hujapokea hela, mwambie mteja akutumie ujumbe wa sauti wa Wasap wakati anawasha gari. Ni bure.

Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, shuku betri au nyaya zake kwanza. Koili inavuta, kisahani kinagusa, mota inanyonya umeme, betri dhaifu inashuka volti, koili ya kushika inaishiwa nguvu, mchi unarudi. Mota ikiacha kunyonya volti zinapanda, mchezo unaanza upya. Yaani otomatiki inafanya kazi yake, isipokuwa hailishwi. Mwambie apime betri: ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6. Au aazime betri nzima ajaribu. Utakosa mauzo ya siku hiyo, lakini huyo mteja hatakusahau.

Ukisikia "TAK!" moja nzito halafu kimya, na betri ni nzima, hapo kisahani au vichwa vya bolti vinaweza kuwa vimeungua, au brashi za mota zimekwisha. Fundi aweke mita kwenye zile bolti mbili nene huku mtu mwingine anawasha. Shaba zikiwa safi, mita itaonyesha chini ya nusu volti. Ikionyesha karibu volti zote za betri, shaba hazigusani. Kimya kabisa bila hata "tak"? Aangalie kwanza kama umeme wa ufunguo unafika kwenye ile pini ndogo.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalitangazi: kuna stata za Denso kwenye Toyota ambazo shaba za ndani na mchi wake vinauzwa peke yake. Mteja wa "tak moja" anaweza kuhitaji seti hiyo tu, ambayo ni nyepesi kusafirisha na rahisi kuuza kwa bei anayoimudu. Weka posti yake tofauti.

Kuhusu kuulizia vipimo, usikubali jina la gari pekee. Kuna Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zenye stata ya volti 24, wakati magari mengi madogo ni 12. Koili ya 12 ukiipa 24, umeme unapita mara mbili na joto linakuwa mara nne, inaungua. Ya 24 ukiifunga kwenye 12, nguvu ya kuvuta inabaki kama robo, mteja atakwambia umemuuzia kitu kibovu. Omba picha ya kibandiko cha stata, picha ya nyuma inayoonyesha bolti na pini, na picha ya mchi ukiwa pembeni ya rula. Mchi mfupi kwa milimita chache unaweza kuifanya gia isifike kwenye flaiwili.

Unauza stata zilizotumika? Chukua video hii, inauza kuliko maneno. Fungua waya wa mota kwenye otomatiki. Hasi ya betri iguse bodi ya stata na ile bolti uliyofungua waya, chanya iguse pini ndogo: gia inatakiwa kuruka nje. Ondoa hasi kwenye bolti tu: gia ibaki nje, maana koili ya kushika ni nzima. Ondoa hasi ya bodi: gia irudi ndani. Kila jaribio lisizidi sekunde 3 hadi 5, koili ya kuvuta haikutengenezwa kukaa na umeme muda mrefu. Na vidole viwe mbali na gia. Taja namba ya kibandiko kwenye video, ili asije mtu akakurudishia stata nyingine.

Wa spea za bodaboda, rilei ya stata ni ndugu mdogo wa hii: kisahani na bolti mbili vilevile, ila haisukumi gia. Ujumbe wa sauti na kipimo cha mita vinafanya kazi hivyohivyo.

Ukifunga mzigo, mchi unaotoka na springi yake viweke kwenye mfuko wao, uufunge kwa selotepu kwenye otomatiki yenyewe. Usimwachie konda kazi ya kutafuta springi kwenye buti la basi.