Je, Samaki Ana Sauti?

Ndugu msomaji, hebu jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Je, samaki ana sauti?

Hapa Unyambwa wengi wetu humwona samaki akiwa amekwisha kufa. Tunamnunua sokoni, Singida mjini, akiwa amekaushwa au amekaangwa. Samaki huyo hasemi kitu. Si ajabu basi mtu akikuambia kwamba samaki wote ni mabubu.

Lakini muulize mvuvi wa Ziwa Viktoria. Atakutajia gogogo. Litamke jina hilo polepole: go-go-go. Gogogo hana magamba. Ana ndevu, kama kambale. Ana pia miiba 3 mikali. Mmoja uko mgongoni, na miwili iko kifuani, mmoja kila upande. Mvuvi akimtoa majini, gogogo hulia. Sauti yake ni ya kukwaruza.

Analiaje, naye hana koo la kusemea kama letu? Analia kwa miiba. Shina la mwiba wa kifuani lina mikwaruzo midogo midogo. Gogogo akiutikisa mwiba, shina hilo husuguana na mfupa, na sauti hutoka. Umewahi kumwona panzi akisugua mguu kwenye bawa? Kazi ni ile ile.

Samaki wengine hutumia njia nyingine. Unapopasua samaki, mara nyingi unaona kifuko cheupe chenye hewa. Kifuko hicho humsaidia kuelea. Baadhi ya samaki wana misuli inayokitikisa haraka haraka. Hapo kifuko hulia kama ngoma.

Wataalamu wana neno la samaki wa aina hii. Kwa Kiswahili tunaweza kuliandika hivi: soniferasi. Lisome kwa silabi: so-ni-fe-ra-si. Neno hili limetoka katika Kilatini, lugha ya kale ya Roma. Sonus ni sauti. Ferre ni kubeba au kuleta. Basi samaki soniferasi ni samaki mtoa sauti. Mimi napenda zaidi kusema "mtoa sauti", maana kila mtu huelewa mara moja. Hata hivyo ukilikuta neno lile kitabuni, lisikutishe.

Angalia jinsi linavyotumika. Samaki akirukaruka majini, maji hulia "chubwi!" Hiyo ni sauti ya maji. Samaki akiwa katika kikaango, mafuta hulia. Hayo ni mafuta, na mwenyewe amekwisha kunyamaza! Samaki huitwa mtoa sauti pale tu anapoitoa mwenyewe, kwa viungo vyake, kama gogogo.

Watoa sauti si wachache. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha hesabu yao. Walikuta ushahidi wa aina 989 za samaki watoa sauti duniani. Aina nyingi nyingine hazijachunguzwa bado. Sauti ya majini hupita kwa shida kuja hewani, ndiyo maana sisi tulio ukingoni hatusikii. Wataalamu hutumbukiza kinasa sauti maalumu majini.

Hata sato, ambaye wengi tumemla, ni mtoa sauti. Dume hutoa sauti nzito, ya chini, wakati wa kuzaliana. Kwa kusikiliza sauti kama hizo, wataalamu wanaweza kujua samaki wanazaliana wapi bila kukokota nyavu mahali hapo. Nyavu zikikokotwa kwenye mazalio, huvuruga viota, na mwaka unaofuata mvuvi hana cha kuvua.

Turudi kwa gogogo. Akishtuka husimamisha miiba yake na kuikaza, isilale. Samaki mkubwa anayetaka kummeza hupata taabu. Mkono wa mtu hupata taabu pia. Ukimsikia analia, jua kwamba miiba imesimama. Usimpe mtoto amshike. Mtu akichomwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Mkono ukivimba, nenda zahanati mapema.

MASWALI

1. Gogogo hutoa sauti kwa kiungo gani?
2. Mafuta yakilia kikaangoni, je, tunaweza kusema samaki ni soniferasi? Eleza kwa nini.
3. Andika katika daftari lako majina ya wadudu 2 wanaolia bila kutumia kinywa.
4. Je, katika Kinyaturu kuna samaki, ndege au mdudu aliyepewa jina kwa mlio wake? Waulize wazee, kisha wasomee wenzako darasani.