Kwa Nini Jiwe Huzama

Mvuvi wa Kilwa Kivinje atupapo nanga ya jiwe, hangoji kutazama kama itazama. Ajua yakini kwamba itakwenda chini. Ukimwuliza sababu, huenda akajibu, "Jiwe ni zito." Jibu hilo ni nusu ya kweli tu. Jahazi lililopakia boriti za mikoko ni zito kuliko jiwe lile mara mia na zaidi, walakini laelea.

Twaa bakuli, uweke kopo ndani yake, ukalijaze kopo maji hata ukingoni. Kisha tumbukiza jiwe polepole. Maji yatamwagika katika bakuli, maana jiwe na maji haviwezi kukaa mahali pamoja. Sasa yapime maji yaliyomwagika, ukalipime na jiwe. Utaona jiwe layashinda kwa uzito. Jiwe gumu lenye ukubwa wa lita 1 lina uzito wa kilo 2 na nusu hivi, na lita 1 ya maji ni kilo 1 tu. Maji hulisukuma jiwe juu kwa uzito wa kilo 1, nalo hulemea chini kwa kilo 2 na nusu. Basi lishindwe na nini lisizame? Jambo hili lilielezwa na Archimedes, mtu wa Syracuse, miaka 2,200 na zaidi iliyopita.

Kwa hiyo usiseme kwamba kila mti huelea na kila jiwe huzama. Gogo la mpingo, mti uotao katika misitu ya Kilwa na Lindi, huzama, kwa kuwa ni zito kuliko maji ya ukubwa wake. Tena mwaka 1883 mlima wa moto wa Krakatoa, huko Indonesia, ulipopasuka, ulitapika mawe mepesi yenye matundu mengi yaliyojaa hewa. Mawe hayo yalielea, yakavuka Bahari ya Hindi, hata mwaka uliofuata yakatupwa katika pwani zetu za Afrika Mashariki.

Na jahazi? Mbao zake zimezunguka nafasi kubwa yenye hewa, hivyo lasukuma kando maji mengi yenye uzito sawa na wake. Chombo kisicho na shehena, nahodha hukitilia mawe chini kabisa, yaitwayo farumi, kisipinduliwe na upepo. Lakini maji yakiingia ndani, nafasi ya hewa hupotea, na mawe yale yale yaliyokuwa msaada hukivuta chombo chini.

Kazi za mawe nchi kavu mwazijua: mafiga ya jikoni, jiwe la kunolea kisu, timazi ya mwashi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa vilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Baharini, jiwe hutumika kwa ajili ya kuzama kwake. Dema lisilotiwa mawe hubebwa na mkondo, na samaki hawaingii. Wavu huning'inia wima kwa sababu vilezo vyauvuta juu na mawe yauvuta chini. Nanga za mawe zilitumiwa zamani na vyombo vikubwa pia. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa, aliandika habari zake mwaka 1980.

Ila nanga hiyo ina hila. Ikiwa ingali majini, mtoto aweza kuivuta, kwa kuwa maji yamsaidia kuibeba. Itokezapo juu, msaada ule wakoma ghafula, na uzito wote humwangukia mvutaji. Hapo ndipo mtumbwi mdogo hulala upande na kuingia maji. Mvuvi mzoefu, jiwe lifikapo karibu na uso wa maji, hutua kwanza, akamwambia mwenzake asogee upande wa pili, ndipo akalipandisha.