Kijiji Chenu Kina Watu Wangapi?

Mgeni akikuuliza, "Kijiji chenu kiko wapi?" utamjibu bila taabu. Utataja kata, wilaya na mkoa. Utamwonyesha mipaka: huku mto, kule barabara. Lakini akikuuliza, "Mko watu wangapi?" wengi wetu hunyamaza.

Hesabu hiyo ina kazi. Tutazame maji. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250. Tena kisiwe mbali na nyumba kupita mita 400. Tuseme kijiji chenu kina watu 1,500. Gawanya kwa 250. Utapata vituo 6. Sasa tuseme watu 250 hawakuandikwa. Mtapangiwa vituo 5 tu. Ndoo zitapangwa foleni tangu alfajiri.

Katika sensa ya mwaka 2022, karani aliuliza: Nani walilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Mgeni aliyelala hapo aliandikwa. Mtoto mchanga naye aliandikwa. Nchi nzima tulikuwa watu 61,741,120. Wazee wengine hawapendi kutaja idadi ya watoto wao. Wanaogopa mkosi. Tunawaheshimu, lakini mtoto asiyetajwa naye hunywa maji.

Sasa chukua daftari lako. Andika jina la kijiji chako, kata, wilaya na mkoa. Chini yake andika majina ya wote waliolala nyumbani kwako jana usiku. Je, umemwandika yule mdogo anayenyonya?