Dondoo muhimu: Kufufua Morris Minor nyumbani

Nchini Uingereza, jarida la Practical Classics limekuwa likiwaelekeza mafundi wa nyumbani tangu mwaka 1980. Kwa anayeanza, Morris Minor ni chaguo zuri: gari hili lililozinduliwa mwaka 1948 lina injini rahisi, na vipuri vyake vipya bado vinapatikana.

• Soma kabla ya kununua. Tafuta matoleo ya zamani ya jarida hilo yenye mwongozo wa mnunuzi, ujue kasoro za gari unalolitaka.

• Kagua kutu kwanza. Ingia uvunguni na tochi. Chunguza bodi chini ya milango na mahali springi za nyuma zinapofungwa. Injini hutengenezeka kwa urahisi. Bodi iliyooza humaliza fedha.

• Piga picha kabla ya kufungua. Weka nati na bolti za kila sehemu kwenye mfuko wake, uandike zilikotoka.

• Usiamini jeki pekee. Egemeza gari kwenye stendi imara, kwenye sakafu ngumu, kabla ya kuingia chini. Chomoa waya wa betri kabla ya kuchomelea.

• Usisahau grisi. Viungo vya chini vya magurudumu ya mbele vikikosa grisi huchakaa, na gurudumu linaweza kung'oka ukiwa barabarani.

• Breki kwanza, rangi mwishoni. Gari linalong'aa lakini halisimami ni hatari kwako na kwa wengine.

Nunua jarida, anza na kazi moja, uimalize ndipo ufungue nyingine.